Saa Kumi Alasiri, Orvieto

Ramani ile ilikaa juu ya meza yetu ya kulia miezi kumi na minne, na muda wote huo sisi tulikula chini, juu ya mkeka, kama watu waliokuja maulidini. Mgeni akiuliza, baba humwambia, "Meza ina kazi." Nami nikipita na sinia ya chai nilizunguka mbali, maana siku moja niliangusha tone karibu na Arezzo, nikasimangwa wiki nzima.

Aliichora mwenyewe kwa mkono. Ramani ya simu hakuitaka. "Simu hukwambia kata kulia," akisema, "haikwambii ukishakata utaona nini." Barabara zilikuwa kwa kijani. Miji kwa wino mweusi: Orvieto, Assisi, Arezzo, Siena, Lucca. Kila mji ulizungushiwa mduara mwekundu, mahali gari haliruhusiwi kupita, kwa sababu miji ya kale ya kule ina kamera njiani, ukiingia tu umepigwa picha na faini inakufuata mpaka Khuwair, mtaani kwetu hapa Maskati. Kila mji ulikuwa na kishale cha buluu cha kibla. Na chini ya kila mji, kwa penseli, saa. Si saa ya kufika hotelini. Ni saa ambayo jua huwa zuri juu ya mawe anayoyataka yeye. Lucca, saa mbili asubuhi, juu ya ukuta wa mji. Siena, saa sita, uwanjani. Orvieto, saa kumi alasiri, na hiyo aliipigia mstari mara mbili.

Baba yangu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo serikalini mpaka alipostaafu. Nusu ya ofisi zenye matao hapa Maskati zilipita chini ya penseli yake, au ndivyo anavyodai, nami sijapata kumbishia. Kazi hiyo aliisomea Bologna, miaka miwili, kijana aliyetoka Unguja na sanduku moja. Siku za wiki alisoma, Jumapili akiosha vyombo mkahawani. Kwa hiyo katika nchi nzima iliyojaa miji ya kutazamwa, yeye alijua njia tatu tu: ya chuoni, ya mkahawani na ya kitandani. Siku aliyoondoka kuja huku Oman alipanda treni kushuka Roma. Treni ikapita chini ya jabali, na abiria aliyekaa naye akamwonyesha juu kwa kidole. Kule ni Orvieto, akamwambia, na kuna kanisa ambalo uso wake wote ni wa vijiwe vya rangi na dhahabu, jua la alasiri likiupiga huwezi kuondoa macho. Baba akatazama juu. Kulikuwa na ukungu. Alichokiona ni ubao wa stesheni na jina lililoandikwa.

Basi hilo lilimkaa rohoni miaka hamsini. Tulipokuwa wadogo, wenzetu walihadithiwa hadithi za majini, sisi tukihadithiwa ukungu wa Orvieto. Alikuwa akisema ipo siku atakodi gari na kwenda mji kwa mji, asipande treni tena, asimame anapotaka. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimjibu, "Inshallah," kwa sauti ile ya kumaliza mazungumzo. Halafu mama akafa, watoto tukawa watu wazima, na yeye akawa mzee, na safari ikawa neno la kusemwa baada ya chakula.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alikuwa analalamika kuwa watu wanamtokea ghafla ubavuni. Wakamkalisha mbele ya mashine, akaegemeza kidevu chake na kubonyeza kitufe kila akiona kitaa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Vitaa vilikuwa vinawaka, na kidole chake kimetulia tu.

Daktari akaniita chumba cha pili. Akaniambia ni presha ya macho, na imeshakula pande zote za pembeni. Kilichokwenda hakirudi. Matone yatapunguza mwendo, lakini kwa mzee huyu mwendo ni mkali. Mwaka mmoja, pengine na miezi michache juu yake, ataendelea kuona katikati. Baada ya hapo yeye daktari haahidi kitu. Kisha akaniuliza, "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Nikasema, "Niachie mimi."

Nikatoka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, anafuta macho kwa leso. Nikamwambia presha ya macho imepanda kidogo, atie matone asubuhi na jioni, inshallah kheri. Akasema alhamdulillah, akauliza kama tutapitia Matrah kununua kahawa. Tukapitia.

Nieleze, kwa sababu asiyelelewa kwetu ataniona mimi mchawi. Kwetu mgonjwa haambiwi. Babu hakuambiwa habari ya ini lake. Mama yangu alikufa akidhani ana vidonda vya tumbo, na sisi tuliozunguka kitanda chake tulikuwa tukisifiana uani kwa jinsi tulivyoweza kucheka mbele yake. Huo ndio ulikuwa upendo wetu, na tuliufanya kwa ustadi. Tunasema ukimwambia mtu maradhi yake unamuua kabla ya siku zake. Sikufikiri mara mbili. Hata mara moja sidhani kama nilifikiri, mdomo ulisema wenyewe.

Nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu wa kiume ambaye namwita kaka, ana mke na watoto watatu. Nilimpigia siku ile ile. Akalia kwenye simu, halafu akasema, "Dada, asijue." Nikamwambia hatajua. Shangazi yetu, dada yake baba, hatukumwambia kabisa, kwa sababu shangazi hana kifua. Ukimwambia jambo asubuhi Khuwair, adhuhuri linajulikana Matrah. Kaka hakumwambia hata mkewe. Tukawa wawili tu wenye siri, na baba akawa na mwaka mmoja asioujua.

Wiki hiyo hiyo nikamwambia, kama jambo lililonijia tu wakati ninamenya vitunguu, "Baba, mwezi wa Aprili twende ile safari yako ya Italia. Kwa gari."

Aliinuka akaenda chumbani, nikamsikia anafungua sanduku la vifaa vyake vya zamani. Akarudi na karatasi, rula na penseli tatu, akaniambia niondoe sahani mezani. Alikuwa na miaka sabini na nane, na alitembea kama mtu aliyeitwa kazini. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona mjanja. Nilidhani nimempa zawadi na kumkinga na habari mbaya kwa mkupuo mmoja.

Mpango wangu ulikuwa watu wawili. Mimi na yeye, gari dogo, siku kumi. Wa kwake haukukaa watu wawili hata jioni moja. "Na kaka yako na watoto?" akauliza. "Na dada yangu nimwache na nani? Raha ya peke yako ni raha gani?" Kwetu safari haitangazwi mbele ya mtu bila kumwambia karibu, na aliyeambiwa karibu hukataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu anauliza avae nini. Shangazi alikataa mara moja tu. "Mnakwenda kutazama makanisa?" akasema. Baba akamjibu, "Nakwenda kutazama mawe, dada." Basi akauliza kama kule mwezi wa nne kuna baridi. Tukawa wanane, na gari likawa la viti tisa.

Gari la viti tisa kule, kila tuliloliona la kukodi lilikuwa la gia za mkono. Hapa tumeharibiwa na gari zinazobadili gia zenyewe, mimi sikuwa nimekanyaga klachi tangu nilipofanya mtihani wa leseni. Kaka akasema ana mgongo. Mgongo huo huanza kuuma kila inapotajwa kazi. Kwa hiyo dereva ni mimi, na mwalimu wangu akawa baba, Ijumaa asubuhi, Wadi Kabir, kwenye uwanja wa gereji moja ambao siku hiyo huwa hauna magari. Fundi wake Mkenya alikuwa na gari la zamani la mizigo, akatuazima.

"Madam, hiyo klachi iachilie polepole," fundi aliniambia. "Usiikanyage kama unaua mende."

Baba alikaa ubavuni mwangu na bakora yake katikati ya magoti, akinielekeza. Alikuwa na subira ambayo mimi sikurithi. Gari lilizimika mara kumi, na mara kumi alisema, "Tena." Ijumaa ya tatu nikapandisha gia bila kurukaruka, akapiga dirisha kwa furaha. Akasema, "Hebu sasa mie, nikuoneshe kilima cha Siena kitakavyokuwa." Tukabadilishana viti. Akaondoka vizuri, akazunguka uwanja mara moja kwa raha zake, na mara ya pili akaligonga pipa tupu lililokuwa upande wa kulia, likabingirika mpaka ukutani.

Akasimamisha gari, akashuka, akalitazama. "Nani kaliweka hapa?"

"Mzee," fundi akasema kwa upole, "hilo pipa liko hapo tangu nije Oman."

Baba akasema ni jua. Akarudi akakaa kiti cha abiria, na hakuomba tena kushika usukani. Mimi nilipokuwa narudisha ufunguo, fundi akaniuliza chini chini, "Macho ya mzee yako sawa?"

"Macho yake yana nini?" nikamkemea. "Husikii ni jua?"

"Sawa, madam. Samahani."

Alikuwa mtu mzima, ana mikono iliyojaa grisi na adabu zaidi yangu. Nilimkemea kwa sababu yeye, aliyemjua baba kwa Ijumaa tatu, alisema kwa sauti kile ambacho mimi nilikuwa nakizungusha mdomoni mwezi mzima. Niligeuka nikamwona baba anatutazama kutoka ndani ya gari. Sijui alisikia nini.

Mwezi wa Machi kaka alikuja na uso wa kuomba radhi. Mwanawe mkubwa ana mtihani wa mwisho wa sekondari mwezi wa Juni, na mkewe amesema mtoto hawezi kupoteza siku kumi za kusoma, na yeye hawezi kumwacha mtoto. Nikasema, haya, bakini nyinyi, sisi twende. Nilisema haraka mno. Baba aliweka penseli chini.

"Mtoto anasoma, sisi twende kustarehe?" akasema. "Tena mjukuu wangu wa kwanza. Tutangoja. Septemba hali ya hewa ni nzuri pia, nimesoma."

Nilimfuata kaka mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia, wewe unajua, unafanya nini? Akasema, "Nimwambie nini mke wangu, dada? Nikimwambia haraka, ataniuliza haraka ya nini." Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini yeye alikuwa amebanwa na kamba ile ile niliyoifunga mimi. Ningemlazimisha amwambie mkewe, mkewe angemtazama mzee kwa jicho la huruma, na mzee si mjinga. Nikarudi ndani, nikafuta miadi ya viza. Baba alikuwa ameshaanza kufuta saa zake za Aprili na kuandika za Septemba, kwa sababu jua la Septemba linakaa pahala pengine. Alikuwa anaimba.

Kiangazi kile nilikuwa namhesabia siku kimoyomoyo. Nilimtilia matone mwenyewe, sikumwachia mtumishi wetu wa nyumbani. Nilianza kuokota vitu njiani kabla hajapita: viatu vya watoto wa kaka wakija, waya wa feni, stuli. Alipojikwaa nilisema stuli iliwekwa vibaya, nikamgombeza aliyeiweka, na huyo aliyeiweka alikuwa mimi.

Wiki ya mwisho ya Agosti hospitali ikampigia shangazi. Zamu yake ya kupasuliwa goti imefika, baada ya kuingoja karibu miaka miwili, na ni mwezi wa Septemba. Alikuja kutuambia huku anachechemea, na kwa heshima akasema, "Nyinyi nendeni tu, mimi nina Mungu wangu." Nikasema, "Ahsante shangazi, Mungu akupe afya, tutakuletea zawadi."

Hapana mtu anayelikubali neno lile. Neno lile husemwa ili likataliwe.

"Una nini wewe?" baba akaniambia shangazi alipoondoka. Hakuwa na kawaida ya kunipandishia sauti. "Dada yangu alale kitandani na goti lililopasuliwa, mie nikenda nikatazame madirisha? Umelelewa wapi?"

"Baba, tumeshaahirisha mara moja. Atauguzwa, kaka yupo, mimi nitaweka mtu."

"Mwakani."

"Baba, kwa nini kila siku mwakani?"

"Kwa nini kila siku leo?" akasema. "Miji imesimama miaka mia saba, itakimbia? Mie nna haraka gani? Haraka haraka haina baraka."

Ulimi ulifika mlangoni. Wallahi ulifika. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, Italia nzima katikati yetu, na sentensi ilikuwa tayari: baba, mwakani hutaona. Maneno matatu. Nimewahi kuwaambia watu mambo makali zaidi ya hayo kwa kunikatia foleni ya mkate. Nikamtazama uso wake, ulikuwa wa mtu anayejua amefanya jambo jema na halijutii. Nikamkubalia, "Hewallah, baba." Nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikike.

Shangazi alipasuliwa goti, akapona, na kwa kuwa nyumba yake Matrah ina ngazi, akahamia kwetu. Baba alimsogezea sinia ya dawa na kumkatia matunda. Jioni alimkalisha mbele ya ramani akimweleza njia, na shangazi akisema, "Na choo kiko wapi hapo?" Kwa hiyo akachora na vyoo.

Mabadiliko yakaja na baridi. Kwanza alilalamika karatasi imefifia. Akanunua taa kali ya mezani, halafu ya pili. Nikamletea kioo cha kukuzia, akakitumia wiki moja. Kisha nikaona mstari wa kijani unatoka Arezzo, unaipita Siena pembeni, unaingia mahali pasipo na kitu. Akamlaumu mtumishi kuwa amesogeza rula. Mtu aliyekuwa akichora matao ya serikali bila kunyanyua mkono. Nikangoja alale mchana nikafuta ule mstari nikauchora upya, nikiiga mkono wake. Alipoamka alipapasa karatasi kwa vidole, akasema, "Hapa pamefutwa." Nikasema hapana.

Na hilo nalo nilimdanganya, tena kwa jambo ambalo vidole vyake vilikuwa vinalijua.

Machi ya mwaka uliofuata alikuwa na miadi ya macho, na mimi siku hiyo nilikuwa na kikao kazini ambacho sikuweza kukiacha. Kaka akampeleka. Daktari wetu alikuwa likizo. Aliyekuwepo alikuwa kijana, binti, mwenye adabu, aliyesomea kwingine ambako mgonjwa huambiwa. Alifungua faili, akamtazama baba, si kaka, akamwambia moja kwa moja: mzee, jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebakiwa na mwanga. Pole sana. Lakini hili si geni, familia yako ilielezwa tangu mwaka jana, imeandikwa hapa.

Kaka alinipigia akiwa kwenye maegesho. "Dada, ameambiwa."

"Kasemaje?"

"Kamshukuru daktari."

Nilipofika nyumbani ilikuwa baada ya alasiri. Alikuwa amekaa mezani, mikono yote miwili juu ya karatasi, viganja chini. Taa zote mbili zilikuwa zimezimwa. Nilimwamkia, akaitikia. Nikavuta kiti.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Siku ulonambia presha imepanda kidogo. Tukenda Matrah tukanunua kahawa."

"Ndiyo, baba."

"Na safari hii?"

"Ndiyo sababu yake."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekagua hesabu ya jengo na kuona pale nguzo ilipokosewa.

"Mie nilimpisha mtoto na mtihani wake," akasema. "Nikampisha dada na goti lake. Nikijiona mtu mwema, mtu mwenye wakati wa kugawa. Kumbe wakati wenyewe mmenifichia nyinyi. Ungalinambia, nisingalimpisha mtu. Ningalikwenda hata peke yangu, kwa treni."

"Tuliogopa utavunjika moyo."

"Moyo ni wangu. Ungaliniacha niuvunje mwenyewe, nikenda nao."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini nililia pale mezani na sikujali karatasi. Nikamwambia twende sasa, wiki ijayo, mimi na wewe tu, nitaendesha, nitakushika mkono, nitakueleza kila jiwe. Nimeshayasoma yote, nilisema, nayajua kwa moyo. Na ni kweli, nilikuwa nimeshayasoma.

Akageuza uso wake upande wangu, kidogo kando ya mahali nilipokuwa.

"Utanieleza," akasema. "Nami ntajuaje kama unayoyasema ndiyo yaliyopo?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Alikuwa anauliza tu, kwa sababu alitaka kujua. Akaomba asaidiwe kuikunja karatasi. Tuliikunja pamoja, ncha kwa ncha, nikaifunga kwa uzi na kuisimamisha nyuma ya kabati lake. Usiku huo tulikula mezani.

Umepita mwaka na zaidi. Sasa hata ule mwanga wa jicho la kushoto hausemi naye sana. Watu wananiambia una bahati, baba yako ana utulivu. Anao. Anaswali, anasikiliza redio, anamuuliza mjukuu habari za chuo. Mimi ananiita mwanangu kama zamani, ananiombea dua nikitoka. Lakini nikimwambia leo kuna mawingu, hungoja mpaka asikie bakora ya shangazi kwenye korido, akaita, "Dada, kuna mawingu?" Nikimwambia matone yamekwisha, humpa shangazi chupa aitikise. Nikimwambia daktari amesema hivi, huuliza shangazi alikuwepo chumbani. Kaka naye yumo katika hukumu hiyo, ingawa kaka huja mara moja kwa wiki na hukumu yake ni nyepesi. Katika nyumba nzima amebaki na mtu mmoja asiyepata kumficha kitu. Ni shangazi, ambaye tulimnyima siri kwa kuwa hana kifua.

Juzi, baada ya swala ya alasiri, walikuwa wamekaa sebuleni wote wawili. Nilikuwa na picha kwenye simu, nimeitafuta siku nyingi: uso wa lile kanisa la Orvieto, umepigwa na jua la saa hiyo hiyo. Sijui nilitaka nini. Nikasema, "Baba, nina picha ya Orvieto."

Akakaa wima. Akanyoosha mkono, nami nikafurahi kama mtoto, nikampa simu. Akaipokea, akaipitisha upande wa pili.

"Dada, hebu tazama. Kuna nini?"

Shangazi akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Ukuta," akasema. "Umechongwachongwa."

"Rangi?"

"Rangi nyingi. Njano njano hivi."

"Jua limeupiga?"

Shangazi akakunja uso. Sikuweza kustahimili. Nikasema kutoka pale mlangoni, "Limeupiga lote, baba. Juu kuna pembe tatu zilizochongoka, na ndani yake dhahabu, na buluu, na katikati kuna dirisha la duara, lina mawe membamba yanayotoka katikati kwenda nje. Kivuli hakuna hata kidogo. Ni saa kumi kamili."

Alingoja kwa adabu mpaka nikamaliza. "Ahsante, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia dada yake.

"Ni kweli, dada?"

Shangazi akasema hakuvaa miwani, yeye hawezi kusema.